Mlezi wa Watoto Wetu Afundishwe, Alipwe Kama Fundi

Kila tunapokaribia kujadili mkataba mpya wa pamoja, madai yanayotajwa kwanza ni yale yale: bei ya kilo ya majani ya chai, malipo ya kukata miwa, mabuti, makoti ya mvua, nyumba zinazovuja. Yote hayo ni haki yetu na hatutaacha kuyadai. Lakini liko jambo moja ambalo kila mara huandikwa mwisho wa orodha. Likifika mezani, wajumbe wamechoka na mwajiri anatazama saa, nalo hupita bila kuzungumzwa. Jambo hilo ni kituo cha watoto, na hasa yule mama anayekaa nao kutwa. Sisi tunasema safari hii lipandishwe juu ya orodha.

HALI ILIVYO KAMBINI

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 humpa mama mzazi siku 60 za kazi za likizo yenye malipo. Zikiisha anarudi shambani na mtoto wa miezi miwili au mitatu, ambaye bado hajui chakula kingine ila maziwa ya mama yake. Alfajiri humfunga mgongoni, humfikisha kituoni kabla ya kuitwa majina, kisha huingia kwenye mistari ya chai. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kila akirudi kunyonyesha, kilo zake zinapungua. Jioni humchukua mtoto wake, humpikia, na usingizi unawachukua wote wawili. Ukihesabu vizuri utaona kwamba saa nyingi ambazo mtoto huyo yuko macho, yuko mbele ya mlezi wa kituo, si mbele ya mama yake.

Basi mlezi huyo tumempataje? Mara nyingi hatukumchagua sisi, wala hakuchaguliwa kwa sababu ya ujuzi. Mwanamke akizeeka asiweze tena kujaza kikapu, au akiumia mgongo, msimamizi humwambia: "Wewe nenda kwa watoto." Anakabidhiwa ufagio, sufuria ya uji na chumba kimoja. Hakuna aliyemwonyesha kitu. Katika karatasi ya mishahara ameandikwa kibarua wa kazi za jumla, yaani daraja la chini kabisa.

Na pale ambapo kituo hakipo, hali ni mbaya zaidi. Dada wa miaka tisa au kumi huachishwa shule akae na mdogo wake, au mtoto mchanga hulazwa kwenye kanga pembeni ya shamba, siku nyingine karibu na mahali ambapo dawa ya magugu inapigwa.

Hatumlaumu mama yule wa kituoni. Wengi wao wamewalea watoto wetu kwa huruma kubwa na bila shukrani. Tunaloulaumu ni utaratibu unaodhani kwamba mtu yeyote, ilimradi ni mwanamke, anaweza kuachiwa watoto wa kambi nzima bila kufundishwa lolote.

ETI KULEA HAKUHITAJI MASOMO

Wako wanaosema, na wengine ni wenzetu wenyewe, kwamba kulea ni kazi ya asili ya mwanamke. Bibi zetu hawakusoma, nao walilea. Ni kweli. Lakini bibi alilea wajukuu zake wanne au watano, akisaidiwa na nyumba nzima, katika lugha moja, akimjua baba na mama wa kila mtoto. Mlezi wa kambi anapokea kundi la watoto wa umri mbalimbali kwa mara moja: anayenyonya, anayeota meno, anayejifunza kutembea na anayeuliza maswali. Tena kambi zetu zina watu wa kila upande: Wakiga, Wanyarwanda, Walugbara, Waalur, Wakongomani, Wakenya. Ndiyo maana ukurasa huu huandikwa kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka mitatu anayesikia lugha tatu katika chumba kimoja, na asiyejibiwa kwa lugha yake, hunyamaza. Mlezi asiyefundishwa humwita mjinga. Mlezi aliyefundishwa anajua kwamba mtoto huyo bado anakusanya maneno, na anajua namna ya kumwingiza katika wimbo na mchezo mpaka ulimi wake ufunguke.

Hebu tutazame kazi zetu wenyewe. Mtu mpya akija kuchuma chai, hufundishwa: majani mawili na chipukizi, vidole vishike vipi, jani gumu liachwe. Kiwandani hakuna anayeruhusiwa kugusa mashine ya kukausha chai kabla ya kuonyeshwa na fundi. Mwajiri anajua kwamba jani likichumwa vibaya, chai inaharibika na bei inashuka mnadani Mombasa. Kama jani la chai lina mafunzo yake, mtoto wa mfanyakazi atakosaje?

Tena wataalamu wa afya wanatuambia kwamba ubongo wa mwanadamu hukua kwa kasi zaidi katika miaka ya kwanza. Mtoto akifika miaka mitano, ubongo wake umekwisha kufikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ile miaka ambayo tunamwacha akae tu, akinywa uji na kulala sakafuni, ndiyo miaka ambayo akili yake inajengwa. Kumsemesha, kumwimbia, kumpa kitu cha kushika na kugeuza, kumjibu anapolia: hayo ndiyo matofali yenyewe.

JICHO LA MLEZI ALIYEFUNDISHWA

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni la kuokoa maisha. Mlezi ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuona kwamba mtoto ana tatizo, kwa sababu anamwona pamoja na wenzake wa umri mmoja, kila siku. Mama mwenye mtoto wa kwanza hana wa kumlinganisha naye. Daktari humwona mtoto kwa dakika chache. Mlezi anaye kutwa.

Mtoto hageuki akiitwa kwa nyuma: huenda hasikii. Sikio linatoa usaha kwa wiki kadhaa: lisipotibiwa linaweza kumharibia usikivu. Amefika miezi 18 na bado hatembei peke yake: apelekwe akachunguzwe. Kichwa kinakua upesi kupita kiasi na macho yanaelekea chini: yawezekana ni maji kichwani, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 ipo hospitali mjini Mbale, ya CURE, inayowafanyia upasuaji watoto wa namna hiyo. Mtoto amezaliwa na mguu uliopinda: akianza kufungwa plasta katika wiki zake za kwanza, kwa kawaida mguu hunyooka bila upasuaji mkubwa. Akiachwa mpaka aanze shule, kazi inakuwa ngumu na yeye amekwisha kuchekwa na kujificha.

Chukua hata ule utepe wa kupimia mkono wa juu wa mtoto. Ni kitu cha bei ndogo sana. Kwa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, kipimo kikiwa chini ya milimita 115, utapiamlo wake ni mkali na anatakiwa apelekwe kliniki bila kuchelewa. Kikiwa kati ya 115 na 125, anahitaji chakula cha nyongeza na kufuatiliwa. Mlezi anaweza kufundishwa kutumia utepe huo kwa siku moja. Lakini vituo vingi havina utepe, wala mlezi hajawahi kuambiwa kwamba uvimbe wa miguu yote miwili ya mtoto ni dalili ya hatari, si unene.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto asiyesikia, akigunduliwa akiwa na mwaka mmoja au miwili, anaweza kufundishwa lugha ya alama na akakua na lugha kichwani. Akigunduliwa na miaka minane, amepoteza miaka ambayo hairudi, na pengine amepigwa mara nyingi kwa kuitwa mkaidi. Ukuta huo huwezi kuujenga kwa mshahara wetu.

JIRANI ZETU WA KENYA WALIFANYAJE

Mwajiri atasema: "Haya ni mambo ya nchi tajiri." Sisi tunamjibu kwa mfano wa jirani.

Katika miaka ya 1940 na 1950, wakati wa ukoloni, vituo vya watoto wa Kiafrika vilianza kuonekana katika mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa nchini Kenya. Shabaha haikuwa kumfundisha mtoto. Ilikuwa kumweka mahali pamoja ili wazazi wake wafanye kazi. Baada ya uhuru wa 1963, wananchi walijenga shule za nasari kwa Harambee, kijiji kwa kijiji. Mwalimu alikuwa binti au mama wa hapo hapo. Wengi hawakuwa na mafunzo yoyote, na malipo yao yalitegemea karo ya wazazi: mwezi huu amelipwa, mwezi ujao amepewa ahadi.

Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianza mradi wa majaribio wa shule hizo, ikisaidiwa na shirika la Bernard van Leer la Uholanzi. Mradi uliendelea kwa karibu miaka kumi. Kutokana na mafunzo yaliyopatikana humo, mwaka 1984 Kenya iliunda kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, kilichojulikana kwa kifupi NACECE, na kuanzia 1985 vikafuata vituo vya wilaya, DICECE.

Sasa sikilizeni utaratibu wao, maana hapa ndipo penye faida kwetu. Mwalimu hakuambiwa aache kazi akatafute chuo mjini kwa fedha ambazo hana. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili, akiwa kazini. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa, alikwenda kukaa kwenye kituo cha mafunzo pamoja na wenzake. Shule zikifunguliwa alirudi kwa watoto wake, akafanya kazi yale aliyojifunza, na mkufunzi wa wilaya akamfuata huko huko kumtazama, kumsahihisha na kumtia moyo. Alijifunza afya na lishe ya mtoto, namna mtoto anavyokua, kutengeneza vitu vya kuchezea kwa mabua, vizibo, vitambaa na udongo. Waliongoza kazi hiyo walikusanya hadithi, nyimbo na vitendawili vya watoto kwa lugha za nchi, ili mtoto asianze masomo kwa lugha ya kigeni. Kwa njia hiyo wanawake wengi wa vijijini, ambao wasingeweza hata siku moja kulipia chuo cha kulala, wakawa walimu wenye cheti.

Pwani walifanya hivyo hivyo kwa njia yao. Mwaka 1986 mjini Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said alianza kazi ya shule za awali za madrasa, akisaidiwa na shirika la Aga Khan. Wazazi Waislamu walitaka watoto wao wapate dini yao na pia wajiandae kwa shule ya msingi. Walimu walichukuliwa miongoni mwa akina mama na mabinti wa mtaa wenyewe, wengi wao bila elimu kubwa, wakafundishwa na kisha kutembelewa mara kwa mara darasani mwao. Kazi hiyo ilienea Zanzibar mwaka 1990 na ikafika hapa kwetu Uganda mwaka 1993. Watafiti walipolinganisha watoto wa shule hizo na wengine katika nchi zote tatu, waliona kwamba watoto wa shule za madrasa walikuwa wameendelea zaidi katika kufikiri na kujifunza. Hawakuwa na majumba ya fahari. Walikuwa na walimu waliofundishwa na kusaidiwa.

Na kwa watoto wenye ulemavu, Kenya ilianza mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, huduma ya vituo vya kuwachunguza watoto katika wilaya, mahali ambapo mzazi angeweza kumleta mtoto wake akapimwa na kuelekezwa. Miaka miwili baadaye, 1986, ilifungua chuo cha walimu wa elimu maalumu, KISE. Hapa Uganda tulipata chuo cha namna hiyo Kyambogo, ambacho mwaka 2003 kiliunganishwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Ujuzi upo, tena karibu. Bado haujavuka lango la shamba.

ONYO KUTOKA HUKO HUKO KENYA

Lakini tusisifu tu. Kenya inatupa pia onyo, na wafanyakazi lazima walisikie. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti, wakati walimu wa shule za msingi walibaki chini ya tume ya taifa ya walimu. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kila moja ilikuja na mpango wake. Walimu wa watoto wadogo wakajikuta wanalipwa vingine hapa na vingine pale, wengi kwa mikataba ya muda mfupi, kwa malipo yaliyo chini sana ya mwalimu wa darasa la kwanza aliye katika uwanja huo huo wa shule. Wana vyeti, wengine wana diploma, na bado wamelazimika mara kwa mara kugoma na kuandamana kudai ajira ya kudumu.

Maana yake ni nini? Ni kwamba cheti peke yake hakileti haki. Mtu anaweza kufundishwa vizuri sana na akaendelea kulipwa kama kibarua, kwa sababu anayemlipa bado anaamini moyoni mwake kwamba kulea si kazi. Mafunzo na mshahara ni lazima vidaiwe pamoja. Ukimfundisha mlezi bila kumpandisha daraja, atakwenda kutafuta kwingine, na hutamlaumu. Ukimpandisha mshahara bila kumfundisha, watoto hawakupata kitu.

HATARI ILIYO HAPA KWETU

Hapa Uganda, Sheria ya Elimu ya 2008 iliiacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi na mashirika, serikali ikibaki kuweka mwongozo na kukagua. Kwa hiyo mwalimu wa nasari hakuingia katika orodha ya mishahara ya serikali kama mwalimu wa shule ya msingi. Kisha ikaja Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019, ikasema kwamba mwalimu wa kila ngazi, hata wa watoto wadogo, awe na digrii.

Sisi hatupingi elimu. Chama cha wafanyakazi kinachopinga elimu kimejichimbia kaburi. Lakini tunauliza: nani atalipa? Mwalimu wa nasari mwenye cheti, anayelipwa kwa karo ya wazazi ambao nao hawajalipwa, atoe wapi karo ya chuo kikuu? Na mama wa kituo cha kambini, ambaye hata cheti hicho hana, asimame wapi? Kanuni ikiletwa bila fedha na bila njia, haimpandishi mtu. Inamfukuza. Mwajiri atasema, "Huyu hana karatasi," atamwondoa mama aliyewajua watoto wetu kwa miaka 20, kisha kwa kuwa mwenye digrii ataomba mshahara wa digrii, kituo kitafungwa kabisa. Tutakuwa tumerudi kwa yule dada wa miaka tisa anayeachishwa shule.

Njia ya haki ni ngazi. Mwenye uzoefu apimwe alichokwisha kujua, aongezewe asichojua, apewe cheti cha kwanza, na kutoka hapo mlango wa cheti cha pili uwe wazi kwake, kisha diploma, kisha digrii kama ana nguvu na nia. Kila ngazi iwe na mshahara wake. Hivyo ndivyo makanika wetu kiwandani wamepanda, kutoka mshika spana mpaka fundi mkuu, kwa majaribio ya kazi na vyeti vya daraja. Hatuombi kitu kipya, tunaomba kitu kile kile kwa wanawake.

DAI LETU LINA MSINGI

Tusiende mezani kama waombaji. Huko India, sheria ya wafanyakazi wa mashamba makubwa ya mwaka 1951 iliandika kwamba shamba lenye wanawake 50 au zaidi liwe na chumba cha watoto, na kwamba chumba hicho kiwe chini ya mwanamke aliyefundishwa kazi ya kuwatunza watoto. Angalieni: mwaka 1951, kabla hata nchi zetu hazijapata uhuru, wachuma chai wa Assam walikwisha kuandikiwa neno "aliyefundishwa". Utekelezaji ulikuwa na kasoro nyingi, lakini neno lilikuwapo, na vyama vyao viliweza kulisimamia.

Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Mkataba namba 156 wa 1981, lilitamka kwamba nchi zikuze huduma za kutunza watoto kwa ajili ya wafanyakazi wenye familia. Na mwaka 2014 lilitoa mwongozo maalumu kuhusu kazi yenye staha kwa wafanyakazi wa elimu ya watoto wadogo. Mwongozo huo unataka wafundishwe kabla ya kazi na wakiwa kazini, na mishahara yao ifanane na ya walimu wa shule za msingi wenye elimu iliyo sawa na yao. Wawakilishi wa waajiri walikuwa katika mkutano huo, pamoja na wa wafanyakazi. Mwajiri wetu hawezi kusema ni maneno ya wachochezi.

TUNACHODAI

Kwa hiyo tunapendekeza kwa matawi yote kwamba yafuatayo yaandikwe katika mkataba ujao:

Kwanza, mlezi wa kituo cha watoto aondolewe katika daraja la kibarua wa kazi za jumla na awekewe daraja lake la ufundi, lenye ngazi na mshahara wa kila ngazi.

Pili, afundishwe akiwa kazini, kwa awamu, na mshahara wake usikatwe siku za mafunzo. Karo, nauli na chakula chake vilipwe na mwajiri. Siku hizo awepo mtu wa kumshikia kazi ili kituo kisifungwe.

Tatu, asifukuzwe mlezi yeyote wa sasa kwa sababu ya kukosa cheti kabla hajapewa nafasi ya kufundishwa. Aliye mzee asiyeweza kusoma abaki msaidizi, kwa heshima yake, mpaka atakapostaafu.

Nne, mafunzo yawe na somo la kutambua mapema ugonjwa na ulemavu. Kila kituo kiwe na utepe wa kupimia mkono, daftari la makuzi ya kila mtoto, na siku maalumu ambapo muuguzi wa zahanati ya shamba anafika kupitia daftari hilo pamoja na mlezi.

Tano, idadi ya watoto kwa mlezi mmoja iwekewe kikomo. Majirani zetu Watanzania wamepanga mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika madarasa ya awali, na hao ni watoto wakubwa wa miaka mitano. Kwa wanaonyonya na wanaotambaa, idadi lazima iwe ndogo zaidi ya hapo.

Sita, mama anayenyonyesha apewe muda wa kufika kituoni, na muda huo uhesabiwe kama kazi. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inampa mama muda wa mpaka saa mbili kwa siku. Kwa mchumaji wa kilo, muda huo ukatiwe hesabu ya wastani wa kilo zake, la sivyo haki itabaki karatasini.

NA SISI WENYEWE JE?

Si yote ya mwajiri. Ziko kazi zetu. Je, mlezi wa kituo chetu ni mwanachama? Katika matawi mengi hakuna aliyewahi kumpelekea fomu. Katibu wa tawi hupita mistarini, hupita kiwandani, hupita gereji, lakini kituoni hapiti, kwa sababu anaona pale ni mahali pa watoto, si mahali pa kazi. Hiyo ni dharau ile ile ya mwajiri, ila imevaa fulana ya chama. Apelekewe fomu wiki hii.

Pili, akina baba. Kituo cha watoto si jambo la akina mama peke yao. Kamati ya mazungumzo ikiwa ya wanaume watupu, jambo hili litarudi chini ya orodha kila mara, si kwa ubaya bali kwa kuwa hakuna aliye mezani anayeamka alfajiri kumfunga mtoto mgongoni. Wajumbe wanawake wawemo, na mlezi mmoja aitwe aje aeleze kazi yake kwa maneno yake mwenyewe.

Tatu, mtoto mwenye ulemavu asifichwe. Tunajua wako wazazi wanaowafungia ndani kwa aibu, au wanaoambiwa kwamba ni laana. Mlezi akija kumwambia mzazi, "Ndugu yangu, mtoto huyu naona hasikii vizuri, twende tukampime," asitukanwe. Ashukuriwe.

Nne, wakati tunangoja mkataba, yapo yanayoweza kuanza bila ruhusa ya mtu. Wazazi wa kambi wanaweza kukutana Jumapili moja, wakakusanya vizibo, mabua na vipande vya mbao, wakawatengenezea watoto vitu vya kuchezea. Wazee wanaweza kufika kituoni kuwasimulia hadithi kwa lugha zao. Muuguzi anaweza kuombwa aje kumwonyesha mlezi kazi ya utepe. Mkataba tukiupata, utakuta kazi imekwisha kuanza, na mwajiri ataona kwamba tunajua tunachokidai.

Ndugu wafanyakazi, mishahara tunayoidai leo tunaitumia leo. Mtoto anayelelewa vizuri leo ni mfanyakazi, mkulima, muuguzi au fundi wa miaka 20 ijayo, na ndiye atakayetutunza sisi tukishindwa kujaza kikapu. Orodha za madai zinaandikwa sasa katika matawi. Mjumbe wako akija kuuliza unataka nini kiandikwe, mtajie mlezi wa watoto, na usimwache aondoke mpaka ameliandika mbele ya macho yako.

Umoja ni nguvu.